Gawa, tenga, pasua: lini useme "divide", na lini neno jingine

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Kazini naandika ripoti na barua pepe kwa Kiingereza. Kila panapohitaji kugawa naweka 'divide', na kila mara bosi wangu analizungushia duara. Safari hii amezungushia sentensi nne: 'I divided the files to everyone', 'We divided the good applications from the bad ones', 'The two partners divided in March', na 'The company divided 5 million for training'. Naomba orodha ya visawe vya 'divide' nivikariri. Na je, 'splitted' ni sahihi?"

Dada yangu, orodha ipo na wala haina siri. Kamusi yoyote ya visawe itakupangia "split", "separate", "share", "part", "sever", "partition", "distribute" na "allocate" kwenye mstari mmoja, kana kwamba unaweza kuchota lolote ukalitumia popote. Ndiyo sababu orodha hizo sizipendi. Ukiikariri, bosi wako ataendelea kuzungusha duara, ila sasa kwenye maneno mapya.

Tatizo lako si uhaba wa maneno. Unafikiri kwa Kiswahili, jambo lisilo na ubaya wowote, kisha unaacha nyuma kile ambacho Kiswahili kimekibebesha mkia wa kitenzi. Sisi tuna shina moja, gawa, na tunalinyumbua tutakavyo: unamgawia mtu, mnagawana, unagawanya kitu, kitu chenyewe kinagawanyika. Kwa kusikia mkia tu, mtu anajua nani ametoa, nani amepata, na kama kitu kimebaki kizima. Kitenzi cha Kiingereza hakina mkia wa namna hiyo. Kazi hiyo imekwenda pande mbili: kwenye vitenzi tofauti kabisa, na kwenye vijineno vinavyofuata nyuma yake, yaani "into", "between", "among", "from", "up", "out" na "by". Sentensi zako nne, ukizirudisha nyumbani, ni vitenzi vinne: niliwagawia, tulitenganisha, walitengana, ilitenga. Umevivika vyote joho moja la "divide".

Tuanze na mafaili. "Divide" haifuatwi na "to" ya mtu anayepewa. Kama ulizunguka ofisini ukampa kila mtu nakala yake, hukugawanya chochote, uligawa. Hapo sema "I handed out the files" kwa lugha ya kawaida, au "I distributed the files to everyone" kwa lugha ya ripoti. Lakini kama lilikuwapo rundo moja la mafaili, ukalikata mafungu ili kila mmoja ashughulikie lake, basi "divide" inarudi kwa haki yake: "I divided the files among the staff." Tofauti ni kwamba katika "divide", fungu langu silo fungu lako. Nikipata faili hili, wewe hulipati. Katika "distribute", wote tunaweza kuwa na kitu kilekile mkononi.

Hapo umekutana na "among", na bila shaka shuleni uliambiwa kwamba "between" ni ya wawili na "among" ni ya watatu kwenda juu. Kanuni hiyo inasaidia, ila si sheria. Waandishi wazuri husema "between" hata kwa watu wanne, mradi kila mmoja anaonekana peke yake, kwa jina au kwa nafasi: "divided between Asha, Juma, Neema and Ali". Wakiwa kundi tu, "among the staff". Bosi anayekukosoa kwa "between" ya watu wanne waliotajwa majina, mwache.

Jirani wa karibu wa "divide" ni "share", na hapa ndipo Kiswahili kinatutega zaidi, maana "gawana" inaweza kuwa yote mawili. Chukua dada wawili na chumba kimoja. "The sisters shared the room": walilala humo pamoja, chumba ni cha wote wawili, hakuna mpaka. "The sisters divided the room": wamepitisha pazia au ubao katikati, upande huu wa mkubwa, ule wa mdogo. Chumba ni kilekile na watu ni walewale, lakini sentensi ya kwanza ni ya kupatana na ya pili huenda ni ya ugomvi. Ukiongeza "The sisters split the rent", unazungumzia kodi tu: wamechangiana, kwa kawaida nusu kwa nusu, na lugha ni ya mazungumzo.

"Share" ina jambo jingine ambalo "divide" haina kabisa: unaweza kutoa ukabaki nacho. "Please share the report with us" ni tushirikishe, au kama wasemavyo mtandaoni, isheya. Ripoti haikatwi. Ukiandika "divide the report with us" msomaji atadhani unataka kurasa za mwanzo zibaki kwako na za mwisho zije kwake.

Sentensi ya pili, ya maombi mazuri na mabaya. Maombi hayo hayajawahi kuwa kitu kimoja. Yalichanganyika tu kwenye meza moja, nanyi mkayachambua. Hiyo ni "separate": "We separated the good applications from the bad ones." Kama mlipanga katika makundi kadhaa, "sorted" inatosha na ni nyepesi zaidi. Jiulize hivi: kabla ya kitendo, kilikuwa kitu kimoja au vitu vilivyokaa pamoja? Kimoja, "divide" au "split". Vilivyokaa pamoja, "separate". Chumvi iliyoyeyuka hutenganishwa na maji, "separated from the water", kwa sababu chumvi na maji ni vitu viwili hata vinapokuwa ndani ya bilauri moja. Maji yenyewe yakivunjwa kwa umeme yawe haidrojeni na oksijeni, wanakemia husema "split": kitu kilichokuwa kimoja kimepasuka.

Usije ukasema nimekukataza "divide from" moja kwa moja. Ipo, lakini kazi yake ni ya mpaka: ukuta, mto, mlima. Ukuta uliosimama Berlin kuanzia 1961 hadi 1989 "divided East from West". Ukuta hauchambui, unakaa katikati tu.

Na kwa kuwa tuko kwenye "separate", tahajia yake huwaponyoka hata wenyewe. Katikati ni "par", si "per". Kisha inatamkwa mara mbili tofauti: kama kitenzi, silabi ya mwisho husikika wazi, "separeiti", kama sifa, kwenye "separate rooms", silabi ya kati karibu imezwe na ya mwisho inafifia, "sepriti". Ukisoma ripoti yako kwa sauti mkutanoni, hilo litakusaidia.

Sasa "split", ambayo ndiyo neno lenye nguvu zaidi katika ukoo huu, na ambalo nadhani unaliogopa kwa sababu hujui ukali wake. Kiingereza kililichukua kutoka Kiholanzi katika karne ya 16, na mwanzoni lilihusu chombo cha baharini kinachopasuliwa na mwamba au dhoruba. Harufu hiyo haijaisha. Kuna ghafla ndani yake, kuna nguvu, na kuna mstari ambao kitu hufuata kinapoachana. Gogo likipigwa shoka kufuata nyuzi zake, hilo ni "split". Suruali ikiachia kwenye mshono unapoinama, ni "split". Kwetu ni kupasua na kupasuka, na mara nyingi ukitafsiri hivyo hukosei.

Wanasayansi wametuachia mfano unaoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yangu. Seli hai inapokua na kuwa mbili, Kiingereza husema "the cell divides". Hakuna aliyeilazimisha, ni mwendo wake wa kawaida, na kila nusu inaendelea kuishi. Mwaka 1932, huko Cambridge, John Cockcroft na Ernest Walton walivurumisha protoni, chembe ndogo mno, kwenye metali ya lithiamu mpaka kiini cha atomi yake kikaachana. Hapo hakuna aliyesema atomi "imegawanyika" kwa upole. Walisema wamei-"split". Kisha mwaka 1939, Otto Frisch na Lise Meitner walipoeleza jinsi kiini cha urani kinavyokatika vipande viwili, Frisch alitaka jina la jambo hilo, akaenda kuliazima kwa wanabiolojia: "fission", neno walilokuwa wakilitumia kwa viumbe vya seli moja vinavyojigawa. Kwa hiyo katika vitabu rasmi atomi ilipata neno la seli, na mitaani ikabaki na neno la shoka.

Magazeti ya Kiingereza yanaipenda "split" kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa: ni fupi, inaingia kwenye kichwa cha habari. Ila ichunge. "The party is split over tax" maana yake chama kimoja, maoni mawili. Kesho wanaweza kupatana. "The party has split" maana yake vyama ni viwili na wengine wamehama ofisi. Neno dogo "is" au "has" ndilo linaloamua kama kuna mgogoro au kuna msiba. "Divided" ni pole kuliko zote mbili: "Members are divided on the matter" ni sentensi unayoweza kuiweka kwenye muhtasari wa kikao bila mtu kukupigia simu.

Ingawa "divided" nayo ina uzito wake wa kale. Mwezi Juni 1858, mjini Springfield, Illinois, Abraham Lincoln alisema kwamba nyumba "divided against itself" haiwezi kusimama, akiwa anazungumzia Marekani iliyokuwa nusu ya utumwa na nusu huru. Maneno aliyatoa kwenye Injili ya Marko, sura ya 3. Waliotafsiri Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea hawakuandika nyumba "ikigawanyika". Waliandika nyumba ikifitinika. Hao walijua kazi yao. Nyumba iliyogawanyika inaweza kuwa tu na vyumba vingi. Iliyofitinika ina watu wasiosalimiana. Nawe fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: ukitaka kusema idara mbili zimefitinika, usitafute kisawe, andika "at odds" au "deeply divided".

Nyumba nyingine ni ya Bunge la Uingereza. Ukisoma kwenye kumbukumbu zao "the House divided", usidhani walipigana. Walipiga kura. Kwa desturi wabunge hutoka ukumbini wakipita njia mbili, wanaokubali upande huu na wanaokataa upande ule, huku wakihesabiwa, na kura ya namna hiyo huitwa "division". Kengele hulia, na huwa na dakika 8 kufika kabla milango haijafungwa. Ukitafsiri habari za London na ukaandika kwamba bunge limegawanyika, umewaongopea wasomaji.

Sentensi ya tatu, wale wabia wawili wa mwezi Machi. Watu hawa-"divide" hivihivi. Wanaweza kuwa "divided" kwa maoni, au mtu wa tatu akawa-"divide". Wakiachana wenyewe kikazi, "parted ways" ni ya heshima na inafaa ripoti: "The two partners parted ways in March." Kwa wapenzi, mazungumzo ya kila siku husema "split up" au "broke up". "Separated" ichunge kwa wanandoa, maana kisheria si sawa na talaka: waliotengana bado wana ndoa. Mtu akijaza fomu mahali palipoandikwa "separated" ilhali ameshapewa talaka, amejaza kitu kingine.

"Part" hii ina historia ninayoipenda. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549 kiliwaapisha maarusi kukaa pamoja "till death us depart", kwa sababu wakati huo "depart" ilimaanisha kutenganisha. Baadaye neno likahama likawa kuondoka tu, kama treni inavyoondoka, na kiapo kikaanza kusikika vibaya. Toleo la 1662 likabadili: "till death us do part". Leo "part" peke yake inasikika ya kishairi au ya adabu, na adabu hiyo ina hila zake. Ukisoma kwamba klabu "has parted company with its coach", jua kocha amefukuzwa. Na ukisema mtu "parted with his money", umemaanisha zilimtoka kwa shingo upande.

Ya nne ndiyo mtego mkubwa wa ofisini. Kampuni ilitenga milioni 5 kwa mafunzo. Tenga hii haihusiani na kutenganisha. Ni kuweka kando kwa kazi maalumu. Kwa Kiingereza ni "set aside" au "allocate": "The company allocated 5 million for training." Nimeona watu wakikimbia "divide" na kuangukia "separated 5 million", jambo ambalo ni baya zaidi. "Allocate" pia huja na "to" bila shida, "allocated to the training department", ile "to" uliyoitaka kwenye mafaili.

Na ukiwa bado kwenye mambo ya fedha, kampuni moja tu inaweza kutumia maneno matatu ya kugawa kwa maana zisizogusana kabisa. Hisa zenyewe ni "shares", neno ambalo asili yake ni kukata. Ni ndugu wa "shear", kunyoa manyoya ya kondoo. Gawio linalolipwa kwa wenye hisa ni "dividend", kutoka Kilatini, kitu kinachopaswa kugawanywa. Na kampuni inapoamua kila hisa igeuke kuwa kadhaa zenye thamani ndogo zaidi, hiyo ni "stock split". Apple ilifanya hivyo Agosti 2020, 4 kwa 1: aliyekuwa na hisa 1 akawa na 4, kila moja ikiwa na robo ya bei ya awali, na utajiri wake haukusogea hata senti kwa kitendo hicho peke yake. Ukiandika kwamba kampuni "divided its shares", msomaji hatajua kama wamelipa, wamepasua au wamegombana.

Kwenye hesabu, shika vijineno. "20 divided by 4" ni 5. "Divide 20 into 4 groups" pia inakupa 5 kila kundi. Lakini walimu wa Kiingereza husema vilevile "divide 4 into 20", na hiyo ni ileile 20 kwa 4 ikisomwa kinyume: 4 inaingia mara ngapi ndani ya 20. Kisha kuna "divide by half". Watu huandika hivyo wakitaka nusu, ilhali 20 ukiigawanya kwa nusu unapata 40. Unachotaka ni "divide in half", au kwa neno moja tu, "halve". Ukiandika kwamba gharama "were divided by half", mhasibu mwenye utani atakuuliza kwa nini zimeongezeka maradufu.

Palipo na hatari ya kweli ni kwenye maelezo ya dawa. "600 mg daily in three divided doses" maana yake 600 ni jumla ya siku nzima; kila mara mgonjwa anameza 200. Anayeisoma kama 600 mara tatu amemeza 1,800. Na "do not split the tablets" ni jambo jingine kabisa: usikivunje kidonge, kwa kuwa vingine vimetengenezwa ili vitoe dawa polepole na ukivivunja vinaimwaga yote kwa pamoja. Hapo "divide" inahusu kiasi, "split" inahusu kidonge chenyewe mkononi. Ukitafsiri karatasi za namna hiyo, usimwachie msomaji akisie. Andika kiasi cha kila mara.

Maneno mazito ya ukoo huu nitayapita haraka. "Sever" ni kukata kabisa kisichounganika tena kwa urahisi: kidole kwenye ajali, au uhusiano wa kibalozi. "Partition" ni ya ramani na ya kuta: India ya 1947, au diski ya kompyuta. "Apportion" utaikuta kwa wanasheria, hasa wanapogawa lawama.

Misemo ya "split" usiitafsiri neno kwa neno, ingawa miwili imetuangukia vizuri: "splitting headache" ni kichwa kinachopasuka, na anayecheka mpaka "splits his sides" kwetu amevunjika mbavu. "Split the difference" ni kukutana katikati. Mmoja anataka 100, mwingine anatoa 80, wanamalizana kwa 90. "A split second" ni kufumba na kufumbua. "Split hairs" ni kubishania vitu vidogo visivyo na maana, kazi ambayo wengine wanadhani ndiyo yangu. Ukimsikia Mwingereza akisema fulani "split on" mwenzake, amemchongea.

Kuhusu "splitted": hapana. "Split" haibadiliki: leo "split", jana "split", na "has split" vilevile, kama "cut", "put", "hit" na "shut". Kinachobadilika ni "splitting", kwa t mbili. Ukiikuta "splitted" kwenye ripoti, futa herufi tatu za mwisho uendelee na kazi.